Chochote Imeisha

Kwa miaka kumi na moja nilitaka kumnunulia Mama Kaunta kinywaji kimoja, na kwa miaka yote hiyo alinikatalia. Sisemi kreti, wala ng'ombe. Nasema kinywaji kimoja, hata soda ya moto. Bila yeye nisingempata mke niliye naye, na mtu aliyekupa mke huwezi kumwacha na koo kavu ukalala usingizi mzuri. Nilijaribu sikukuu, nilijaribu siku za kawaida, nilijaribu kwa kutuma watu. Alikuwa ananitazama kama ananionea huruma, kisha anamhudumia anayefuata.

Jina lake nalijua, lakini mtaa mzima wa Chapwa, hapa Tunduma, hakuna aliyelitumia, na mimi sitakuwa wa kwanza. Baa yenyewe ilikuwa ya mwenye nayo, ambaye tulikuwa tunamwona kwa nadra kama mvua ya Agosti. Kaunta ndiyo ilikuwa ya mama. Ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka kwenda Zambia. Kazi yangu ni karatasi za malori hayo: dereva anakaa, mimi nakimbia. Na dereva anayekaa siku mbili tatu hana la kufanya ila kunywa na kutazama filamu, kwa hiyo kila niliyekuwa na karatasi zake nilimkuta pale, chini ya runinga iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo juu ukutani ili isije ikavuka mpaka na yenyewe.

Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta la kijivu kiangazi na masika. Kanisani aliimba sauti ya pili. Jumamosi sare ya kwaya ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, imepigwa pasi, inatazamana na makreti, na wateja waliokuwa na hatia zao walikuwa wanachagua meza za mbali nayo. Pombe hakuionja. Alikuwa anakunywa chai yake asubuhi kabla ya kufungua, na hiyo ilikuwa imetoka mpaka kesho.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni ugomvi wake na baa za kwenye filamu. Sijui ulianza lini. Niliukuta umeshakomaa. Zilikuwa filamu za kigeni, zile ambazo mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, na ndani ya kila moja, hata ya vita, lazima kuna mtu anaingia baa. Hapo Mama Kaunta alikuwa anaweka kitambaa chini, anafunga mikono, na huduma inasimama. Ungeweza kufa kwa kiu. Bwana yule mwenye koti anafika kaunta, anasema, "Nipe kinywaji," na muuzaji anampa. Basi. Mama Kaunta alikuwa anatugeukia sisi kana kwamba ndio tuliompeleka yule bwana.

"Kinywaji gani?" anauliza. "Maziwa? Togwa? Mbona hajaulizwa moto au baridi?"

Swali hilo la moto au baridi ndilo lilikuwa msingi wa imani yake. Asiyetoka huku anaweza kudhani ni maneno tu, lakini Tunduma asubuhi unaamka na ukungu na upepo unaokata masikio, na nusu ya watu wazima hawagusi kitu kilichotoka kwenye friji. Ya moto maana yake ni ya kutoka kwenye kreti, haijapoozwa. Wazee wa Mbozi wanasema kifua, madereva wanasema meno, kila mtu ana sababu yake. Mpelekee mzee ya baridi bila kumwuliza, umemwambia hujali kama ataamka kesho. Mama Kaunta aliuliza kila mtu, kila chupa, hata mteja aliyekuja pale miaka sita na hajawahi kubadili. Nilimwuliza siku moja kwa nini anamwuliza fundi baiskeli ambaye jibu lake linajulikana mpaka kwa mbwa. Akanijibu kwamba jibu ni la fundi baiskeli, na yeye hana ruhusa ya kulitumia bila mwenyewe kuwepo.

Na mteja hakuruhusiwa kukwepa. Kulikuwa na wale waliokaa kwa mbwembwe wakasema, "Lete chochote." Hao aliwajibu bila kuinua macho: "Chochote imeisha." Akiulizwa itafika lini, alisema iliisha jana na gari halijaleta. Dereva mmoja kutoka Kitwe, mara yake ya kwanza pale, alipiga kaunta kwa kiganja akamwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, drinki," kama alivyoona kwenye muvi. Akaletewa maji ya bomba kwenye glasi safi, juu ya sahani, na kitambaa cha karatasi. Akayatazama. Mama Kaunta akamwambia yale ndiyo drinki, vingine vyote vina majina. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Safari iliyofuata alikuja na wenzake watatu ili nao wakataliwe.

Alikuwa na orodha ya makosa, na hakuichoka. Kwamba muuzaji wa kwenye filamu anafuta glasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Glasi hiyo ina uchafu gani usioisha? Kwamba watu wananong'ona agizo lao na linasikika, wakati sisi hapa muziki ukiwa juu unaagiza kwa vidole na nyusi. Kwamba mtu anatupa noti bila kuitazama na hangoji chenji, na hakuna anayemkimbilia. Kwamba watu wanakunywa saa tatu nzima na hakuna anayeuliza choo kiko wapi. Kwamba mteja anamweleza muuzaji matatizo ya ndoa yake na muuzaji anatoa ushauri wa maana. Yeye alisema matatizo yana nyumba zao, mengine kanisani, mengine kwa mwenyekiti wa mtaa, na kaunta ni ya vinywaji. Lakini huyo huyo alijua mtoto wa nani amefaulu na wa nani amerudi nyumbani, na dereva aliyefiwa safarini alikuta chai mbele yake ambayo hakuiagiza. Nilimkumbusha sheria yake siku hiyo. Akasema chai si kinywaji.

Lililomuuma hasa ni kubakiza. Bwana wa filamu ameagiza, ameonja tone moja, simu imelia, ameondoka. Glasi imebaki imejaa. Mama Kaunta alikuwa anakasirika kweli, si kwa utani. Kwao Hasamba wanalima kahawa na mahindi, na mtoto aliyeacha chakula kwenye sahani alilala amekikumbatia. "Nani amemlea huyo?" alikuwa anauliza. Akikukuta unanyanyuka na chupa yako ina kitu, alisimama mlangoni.

Kulikuwa na mengine madogo. Ukimwita kwa kugonga chupa kwa kizibo, ngo ngo, kama wafanyavyo wanywaji wa Tunduma yote, hakuitika. Unaweza kugonga mpaka chupa ipasuke. Akipita karibu alikwambia, "Mimi si mlango." Na kila chupa aliifungua mbele ya mwenyewe, mezani, kisha akakirudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa kama kofia. Hapo ndipo hakuwa na mchezo kabisa. Mji wa mpakani una watu wengi wasiojuana, na kila mtu amesikia habari za dereva aliyewekewa dawa akaamka hana viatu wala lori. Chupa iliyofunguliwa kusikojulikana hainywewi. Hata mtoto wa chekechea Chapwa anajua.

Ingawa sheria hiyo nayo nilimwona akiivunja. Alikuwepo mzee wa kanisa, mtu wa heshima, aliyekuwa anafika saa kumi jioni kwa ajili ya "chai". Mama Kaunta alikuwa anainama chini ya kaunta, psss, kisha anainuka na kikombe kikubwa cha bati chenye povu na kisosi chake. Na bado, kwa sauti ya kusikika na watu wote, alimwuliza: "Chai ya moto au ya baridi, mzee?" Mzee alijibu ya moto. Nilipomtania kwamba amefungua chupa kwa kificho, aliniambia mzee anamwamini, kisha akaongeza kwamba aibu ya mtu mzima nayo inahitaji kofia.

Sasa kosa langu.

Jumapili, baada ya ibada, familia zilikuwa zinakuja pale kula nyama na kunywa soda. Akawa anakuja shangazi mmoja Mnamwanga, mpana, mwenye macho ya kupima nguo, pamoja na binti wa kaka yake, fundi cherehani aliyevuka kutoka upande wa Nakonde kuja kukaa naye. Huyo binti nilimtazama Jumapili nane. Kwenye karatasi za malori nina mdomo. Mbele yake nilikuwa gunia. Wiki hiyo nilikuwa nimetazama filamu ambayo bwana anainua kidole kimoja, muuzaji anapeleka glasi kwa dada aliyekaa mbali, dada anageuka, bwana anainua glasi yake, na ndoa karibu inafungwa pale pale. Nikasema, kumbe ni rahisi.

Mama Kaunta alikuwa hajarudi kutoka kanisani, kwaya ilibaki kwa mazoezi. Kwenye kaunta alikuwepo mhudumu mgeni. Nikamwambia achukue soda ya machungwa, aimimine kwenye glasi, aipeleke kwa yule dada, asiseme imetoka kwa nani. Akaimimina. Akaipeleka. Nami nikaegemea kaunta, kiwiko kimoja, nikainua glasi yangu na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Shangazi aliitazama ile glasi. Aliitazama meza, akitafuta chupa. Kisha alifuata macho ya mhudumu mpaka akanifikia mimi na tabasamu langu la upande mmoja. Akaisukuma glasi mbali kwa mpini wa kijiko, bila kuigusa kwa mkono, akamshika binti, wakaondoka na nyama yao kwenye mfuko. Mpaka Jumatatu saa sita Chapwa ilikuwa na habari kamili: yule kijana wa karatasi anawawekea mabinti za watu vitu kwenye soda.

Sikucheka wakati ule. Madereva wawili walitoa karatasi zao kwangu wakampa mtu mwingine. Mama mwenye nyumba wangu akaanza kufunga mlango wa uani. Na binti alikuwa anapita njia nyingine kwenda kwenye cherehani yake. Jina la mtu mpakani ndiyo karatasi yake ya kwanza, na langu lilikuwa limechanika kwa sababu ya kiwiko na glasi.

Nilikwenda kwa Mama Kaunta nikidhani atanifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapanga chupa.

"Umeagiza kama kwenye filamu," alisema. "Yule bwana anajua filamu yake inaishaje. Wewe ya kwako unajua?"

Nikasema sijui. Akasema nije Jumapili, nivae shati lenye kola, nikae meza ya katikati mahali pa mwanga, na nisiegemee kitu chochote.

Jinsi alivyomrudisha shangazi pale sijui mpaka leo. Nadhani alimfuata nyumbani. Jumapili walikuwepo. Mama Kaunta alivua aproni, akavaa lile koti la sare ya kwaya juu ya sweta, akaenda mezani kwao kwa miguu ya taratibu. Alizungumza kwa sauti ya kusikika na baa nzima, kwa makusudi. Akamwambia shangazi kwamba kijana yule pale ni wa Ndalambo, akataja jina langu, na la baba yangu, na analima nini, na mama yangu anasali wapi. Akasema amekosa kwa ujinga wala si kwa ubaya, na ujinga wake yeye Mama Kaunta ameuona kwa miaka na anaudhamini. Kisha akasema, "Anaomba kuwanunulia soda. Kwanza wewe, mama mwenzangu. Mnapokea, hampokei?"

Kumbe ndivyo inavyofanywa. Unaanza na mkubwa, unasema nani ananunua, unauliza kama inapokelewa, na mtu ana haki ya kusema hapana kabla chupa haijatoka kwenye kreti. Filamu nzima niliyotazama haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Shangazi alinipima kuanzia kola mpaka viatu. Mwisho akasema watapokea, ila mimi ninywe kwanza. Mama Kaunta akaleta chupa tatu zimefungwa, akaziweka mezani, akaniita. Shangazi akanyoosha kidole: ile ya nanasi, ya moto. Ikafunguliwa mbele ya wote. Nikainywa nimesimama, yote, soda ya moto ya nanasi, gesi inanitoka puani na machozi yananilenga, na watu wazima arobaini wananitazama kama madaktari. Nilipoitua chupa tupu nilicheua. Sikukusudia. Binti akacheka.

Mama Kaunta alikuwa hana muda wa kupoteza. Akamgeukia. "Na wewe mwanangu? Moto au baridi?"

"Baridi," akasema.

Ndilo neno la kwanza mke wangu kulisema mbele yangu. Nimelipenda mpaka leo, na hata nikikosea nyumbani nikaambiwa maneno mengine, nalikumbuka hilo.

Harusini Mama Kaunta alikaa meza ya wazazi kwa dakika kumi hivi. Tulipokata keki nikatazama kiti, hayupo. Alikuwa nyuma ya makreti, amefunga kanga kiunoni, anawauliza wajomba zangu moto au baridi. Nikamtuma mshereheshaji ampelekee soda kwa heshima zote. Soda ikarudi. Nikaenda mwenyewe, na suti yangu, nikamwuliza kwa nini ananifanyia hivi.

"Mwenye kaunta hanyweshwi," alisema. Kisha, kwa kuwa ilikuwa harusi yangu, akaniongezea. "Mwanamke wa kaunta akipokea chupa ya mtu mmoja, huyo mtu anadhani amenunua na kaunta. Nikinywa ya mmoja nimekunywa za wote. Miaka yote wananiita mama, hujajiuliza kwa nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Niliona aibu pale, katikati ya vigelegele, kwamba nilikuwa nimecheka maneno yake miaka mingi na sikuuona mlango aliokuwa anaulinda kwa maneno hayo. Lakini haja yangu haikuisha. Iliongezeka.

Mwaka juzi miguu ilimkataa. Miaka ya kusimama kwenye sementi imemlipa kwa uvimbe, na kaka yake akaja kumchukua kumrudisha Hasamba. Baa iko, ina kaunta mpya ya vioo. Mhudumu wa sasa anakuletea ya baridi bila kukuuliza, na ukisema chochote anakuletea kitu. Mimi nimepunguza kwenda.

Msimu wa kuchuma kahawa mwaka jana nilimwambia mke wangu, twende. Tulimchukua pia binti yetu. Pale Vwawa niliingia duka la vinywaji nikanunua soda kumi na mbili: aina sita, kila aina mbili. Sita niliziweka kwenye ndoo ya maji yenye barafu, nikafunika kwa gunia lililolowa. Sita nikaziacha kwenye kreti. Mke wangu aliuliza tunakwenda kuona mgonjwa au kufungua duka. Nikamwambia nyamaza, nimengoja miaka kumi na moja. Dereva wa bajaji alitutazama kwenye kioo njia nzima.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooshwa juu ya gunia, anachambua kahawa kwenye ungo. Sweta lile lile. Mke wangu na mtoto wakapiga magoti, shikamoo, marahaba, na mara moja akaanza: kaka yake ana runinga ya sola, jana katazama filamu, mtu kaingia baa na farasi akamwacha mlangoni, naye farasi hakuulizwa anakunywa nini. Sauti ilikuwa ndogo lakini ugomvi ulikuwa mzima. Kisha akaiona kreti, na mikono ikaanza kutafuta pa kushika ili anyanyuke atuhudumie.

Hakuweza. Alijaribu mara mbili. Mara ya pili mke wangu alimshika bega, akakaa tena, akatazama pembeni kwenye mibuni. Lilikuwa jambo gumu kulitazama.

Nikatoa opena mfukoni. Nikasimama mbele yake, sikuegemea kitu.

"Mama, leo kaunta niko mimi," nikasema. "Unaletewa na mtoto wako wa Ndalambo, na mke uliyempa, na huyu mjukuu. Unapokea, hupokei?"

Alimtazama mke wangu, akamtazama mtoto, akatazama uani kote kana kwamba anahesabu nani anaona. Hakukuwa na mtu mwingine ila kuku.

"Napokea," akasema.

"Unakunywa nini?"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Aliitazama kreti, akaitazama ndoo. Aina zote zile alizijua kwa uzito wa chupa mkononi, lakini macho yalizunguka kama ya mgeni aliyeshuka kwenye basi. Mtu aliyewauliza watu wote wa mpaka ule, miaka ile yote, hakuna aliyewahi kusimama akamwuliza yeye.

"Lete chochote," akasema polepole.

Mke wangu alishaziba mdomo kwa kanga.

"Chochote imeisha, mama."

Alinikazia macho. Kisha alicheka, alicheka mpaka ungo ukayumba na kahawa zikamwagika, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, na kujifuta huko kulichukua muda mrefu kuliko kicheko. "Kumbe swali lenyewe ni gumu hivi," alisema. "Nimewatesa watu."

Alichagua kwa makini. Alitaka ya tangawizi. Akasema ya moto. Akasema hapana, ngoja, ya baridi, maana ya moto amewanywesha watu maisha yake yote na hajui wanakosa nini. Nikaitoa kwenye ndoo, nikaifuta maji, nikaifungua mbele yake, nikairudishia kofia yake. Alikichukua kile kizibo akakigeuza juu chini, akakikagua kama shangazi, ndipo akainua chupa. Meno yalimuuma, tuliona. Hakuiacha. Alikunywa huku anatuuliza habari za kila mtu, na hatukuthubutu kunyanyuka mpaka ikaisha, maana tunajua tumelelewa na nani.

Jua lilikuwa limeshasogea, na bajaji ilikuwa inatungoja barabarani. Nikaanza kuaga. Alikuwa ameshika chupa tupu kwa mkono mmoja na kizibo kwa mkono mwingine, anatazama mibuni kama mtu asiye na habari na mimi. Akagonga. Ngo, ngo.

"Mimi si mlango," nikamwambia, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye ndoo.